Gari Lisilo na Pa Kuweka Mzigo

Kazi yangu ni kuandika habari za magari gazetini, na kwa miaka yote niliyoifanya sijakutana na mtu aliyeniamini mara ya kwanza. Wanaume hucheka, halafu huniuliza kama mume wangu ndiye anayeniandikia. Wanawake huniuliza gari gani zuri la kumpelekea mtoto shule. Nawajibu wote, wanaume kwa ukali kidogo, wanawake kwa upole, maana hao angalau wameuliza jambo la maana. Nimezaliwa Lindi, nimekulia Mchafukoge ghorofa ya tatu, na toka nikiwa na kimo cha kuchungulia dirishani nilikuwa natambua gari kwa mlio wake kabla halijakata kona. Mama yangu alikuwa akinituma niangalie kama baba karudi, namwambia bado, lile linalokuja ni la jirani. Hiyo ndiyo shule yangu, nyingine nimeongezea baadaye.

Mjini hapa tuko wachache tunaoifanya kazi hii kwa dhati. Kuna mtangazaji mmoja wa redio, Mpare, mwenye sauti ambayo watu huipenda kabla hawajamwona, na wakishamwona wanaendelea kuipenda sauti. Kuna mwenzetu mwingine anayepiga video za magari na kuziweka mtandaoni, mtu mrefu, mpole, asiyesema mpaka aulizwe, na akisema huwa amemaliza. Wa tatu wao ni mimi. Tunakutana magari mapya yakiletwa, tunakutana wenye maduka ya magari wakituita kuyajaribu, tunagombana, tunakula pamoja.

Na wote watatu tuna desturi moja ambayo hakuna aliyetufundisha: kila tukimaliza kulijaribu gari, tunafunga kwa kusema linakosa nini. Gazetini kwangu sehemu hiyo ina kichwa chake kabisa, Kinachokosekana, na wasomaji wengi huanza kusoma hapo. Halina tairi la spea. Halina pa kuweka chupa ya maji. Kiyoyozi chake kinapumua kama mgonjwa. Mtangazaji husema hayo hayo kwa madoido, na mwenzetu wa video huyaonyesha kwa kidole bila kusema. Tumekula mjini kwa kazi hiyo, na sioni haya.

Sasa, mwanzoni mwa mwaka, mwanamke mmoja alitupigia simu mmoja mmoja akatuita gereji kwake. Ni Mchaga wa Kibosho, nimemzidi umri kwa kama miaka kumi. Tunamwita fundi, ingawa amesomea uhandisi chuoni na angeweza kabisa kudai aitwe injinia. Mwenyewe anasema injinia ni wa ofisini. Gereji yake iko chini ya ghorofa la familia yao, lile alilolijenga marehemu baba yao, hapo hapo Mchafukoge, mwendo mfupi tu kutoka nilikokulia. Sakafu yake iko chini ya usawa wa barabara, kwa hiyo gari likitoka lazima lipande kilima kifupi cha saruji kabla halijaona jua.

Ndani tukakuta mifupa ya gari. Mabomba membamba ya chuma yaliyochomelewa vizuri mpaka ukipitisha kidole huoni mshono, magurudumu manne, na injini ya kirikuu, vile vipikapu vidogo vinavyosomba mizigo Kariakoo kutwa nzima. Fundi akatuambia anajenga gari dogo la spoti, jepesi, la watu wawili, la kuendesha kwa raha mjini hapa hapa na matuta yake na mvua zake.

"Mimi najua kulijenga," akasema. "Ila nikiliendesha nasikia kazi yangu tu, gari lenyewe silisikii. Nyinyi mmekalia magari ya kila namna. Nisaidieni kulisikia."

Nilimpenda papo hapo. Katika maisha yangu nimeombwa na wenye magari niyasifu, niyanyamazie, au niyaseme vibaya ya jirani. Kuombwa nisaidie kulitengeneza lilikuwa jambo geni, na nakiri nilivimba kichwa. Mtangazaji naye alivimba, akaanza utani pale pale, maana Wapare na Wachaga ni watani. Akamuuliza kama gari litakuwa na sehemu ya kuhesabia hela. Fundi akamjibu kwamba ipo, iko karibu na sehemu ya Mpare kuwekea mafaili ya kesi zake. Tukacheka, kazi ikaanza.

Lakini kabla hatujaondoka siku ile alitueleza jambo moja, na kuanzia hapo hakuna aliyelisahau. Jengo lile linasimamiwa na kaka yake mkubwa, mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo, anauza ndoo, mabeseni na viti vya plastiki, na mkewe ndiye anayekaa kaunta. Kaka mtu hakuwa na ubaya. Alikuwa tu amepata mpangaji anayetaka kuigawa gereji iwe fremu za maduka ya simu, na kwa mfanyabiashara yeyote wa mtaa ule, kuliacha eneo kama lile liwe na gari moja lisilokwisha ni sawa na kulima barabarani. Walikuwa wamebishana mpaka wakafika hapa: Jumapili inayofuata baada ya Pasaka kaka angekuja. Gari limbebe kutoka pale mpaka Posta na kumrudisha, bila kusukumwa. Likiweza, dada abaki. Likishindwa, vifaa vyote vinapakiwa kwenda Kibosho, na mpangaji anaingia.

"Na Kibosho utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitachomelea mageti," akasema. Alisema bila kulia wala kunung'unika, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi tukajitupa kwenye kazi kwa moyo wote, na moyo wetu ulikuwa umefundishwa jambo moja tu, kuona kinachokosekana. Mimi nikasema gari bila tairi la spea ni kumdanganya mtu, nimeliandika hilo mara ngapi. Fundi akalitafutia tairi nafasi. Mtangazaji akasema Bongo hii na joto lake, gari bila kiyoyozi ni oveni, akaenda mwenyewe Gerezani, mtaa wa vipuri, kutafuta kompresa ya mtumba. Mwenzetu wa video akasema kwa sauti ndogo kwamba vioo vya kunyanyua kwa mkono vimepitwa na wakati, vikaja vya umeme, na mota zake. Kisha spika. Kisha bampa la chuma mbele, kwa sababu ya bodaboda. Kisha milango yenyewe ikabadilishwa, ikaja miwili mizito yenye kufuli, kwa sababu ya wezi. Kisha paa la bati, maana ukishakuwa na kiyoyozi utapozaje hewa bila paa. Haba na haba hujaza kibaba, na sisi kibaba tulikijaza mpaka kikamwagika. Kila jioni tulirudi nyumbani tumeridhika, tukiamini tumemsaidia mtu.

Siku ya kulijaribu ilipofika fundi alikaa kwenye usukani, mtangazaji akakaa pembeni yake, na mimi na mwenzetu wa video tukasimama juu barabarani kulipokea. Gari likanguruma. Likapanda kile kilima cha saruji mpaka katikati, likatetemeka, likarudi chini taratibu kwa adabu zake. Akajaribu tena, likarudi tena. Mtangazaji akashuka ili lipungue mzigo, na hata hivyo lilifika juu likikwaruza tumbo kwenye ukingo wa saruji, mlio ambao mpaka leo nikiukumbuka meno yanauma.

Fundi akageuza ndoo akaikalia.

"Nililiona hili," akasema. "Toka wiki ya kwanza nililiona. Nikadhani nyinyi mnajua."

"Sasa mtani, ulinyamaza kwa nini?" mtangazaji akauliza.

"Mpare akishafungua kesi, nani anamnyamazisha? Yuko tayari auze ng'ombe ashinde kesi ya kuku."

Alicheka peke yake, na sisi tulitamani ardhi ipasuke. Hebu fikiria. Watu wazima watatu, tumelipwa maisha yetu yote kwa kuyajua magari, tumeitwa kutengeneza gari jepesi, tumetengeneza kabati lenye magurudumu. Na siku zenyewe za kufika Pasaka zilikuwa zinakwisha.

Kesho yake tulipofika tulikuta kila tulichoongeza kimefunguliwa na kupangwa sakafuni. Fundi alikuwa amenawa mikono, anakunywa chai. Akatuambia tangu siku ile gereji yake ina utaratibu mmoja. Kila mtu atabeba alichokitaka, akirudishe Gerezani kilikonunuliwa, kwa miguu. Na anayetaka kitu kingine kiwemo garini, atakwenda kukichukua na kukileta vile vile, kichwani au begani, atakavyoweza.

"Gari haliwezi kusema limechoka," akasema. "Nyinyi mnaweza."

Tukaona mchezo. Gerezani si mbali, tukasema, na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tulikuwa tumeyatwika magari ya watu mizigo hiyo miaka yote bila kuipima. Mtangazaji aliiweka kompresa begani akitania, na kufika Barabara ya Msimbazi utani ulikuwa umemwisha. Jua la saa tano lilikuwa linachoma, watu wamejaa mpaka barabarani, mikokoteni inapiga mluzi tupishe, na kwa bahati mbaya yake watu walimtambua. "Braza, mambo? Tupe sauti kidogo," wakawa wanamwambia. Yule mtu ambaye sauti ndiyo mtaji wake akawa anajibu kwa nyusi. Kwenye kona aliitua kompresa chini, akaikalia, akafuta jasho kwa tai.

"Dada yangu," akaniambia, "hivi mtu anahitaji ubaridi kiasi gani?"

Mimi nilikuwa nimejaribu kuliviringisha tairi langu. Mwenzetu wa video, aliyekuwa na mlango mgongoni, akanitazama kwa masikitiko akasema kuviringisha si kubeba. Alisema hivyo tu. Nikakasirika, nikavua mtandio wa pili niliokuwa nimejifunga kiunoni, nikausokota ngata kama bibi yangu alivyonifundisha Lindi, nikalitwika tairi kichwani. Hakuna aliyeshangaa. Kariakoo mwanamke mtu mzima akitembea na tairi kichwani ni mtu anayekwenda kwenye shughuli zake. Vijana walinipa pole, wakaniamkia shikamoo mama, na kabla sijaitikia marahaba wameshauliza tairi nauza bei gani. Shingo yangu ilinikumbusha wiki nzima. Tangu siku ile sijaandika tena habari ya tairi la spea bila kwanza kujipapasa shingo.

Ajabu ni kwamba tulipoacha kuongeza ndipo tulipoanza kusaidia. Kuna mambo tuliyoyajua kweli, na hakuna hata moja lililoongeza uzito garini. Mtangazaji ameendesha kila kitu chenye usukani mjini hapa, akasema wa gari hili unachelewa kuitikia, ukiukata leo gari linakata kesho. Akakaa na fundi siku tatu wakibishana na kubadilisha vyuma vidogo mpaka ukawa unaitikia ukiufikiria tu. Mwenzetu wa video, ambaye kazi yake ni macho, alikaa kwenye kiti muda mrefu, kisha akaomba boneti ishushwe kidogo tu mbele. Ilipokatwa, ukaona tuta kabla halijakuona wewe.

Mimi kazi yangu ilikuwa kiti. Nimekalia viti vingi kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua, na siwezi kuficha kwamba makalio yangu yana uzoefu kuliko digrii za watu. Nikamwambia fundi aache masponji na mangozi. Nikamchorea kwa chaki kitanda cha bibi yangu, kile cha kamba tulichokiita teremka tukaze, kwa sababu kila baada ya muda kamba hulegea, anayelala anaambiwa ateremke watu wazikaze. Akatengeneza fremu mbili za bomba jembamba, tukasuka mikanda ileile wanayofungia mizigo kwenye malori. Hewa inapita mgongoni, tuta halikufikii, na kiti kizima nakinyanyua kwa vidole viwili. Kiti hicho nakijivunia kuliko kitu chochote nilichowahi kukiandika.

Milango ikaondoka, unaingia kwa kurusha mguu juu ya ubavu. Paa likawa turubai la kukunja. Bodi ikapigwa kwa aluminiamu na fundi wa masufuria wa Gerezani, ambaye aliimaliza huku akilalamika kwamba sufuria hili halina mfuniko. Tukabishana mara moja tu kwa hasira, kuhusu kimo. Mtangazaji alitaka gari lilale chini kama magari ya majuu. Mimi nikasema gari la hivyo litaacha tumbo kwenye tuta la kwanza, hata Mnazi Mmoja halifiki, na siko tayari kumwona fundi akichomelea mageti kwa sababu ya mapozi. Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Mtangazaji akamwambia fundi alinyanyue. Likasimama kama mbuzi wa kienyeji, miguu mirefu na kiuno chembamba, na tulipozoea kuliangalia tukaliona zuri.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na muuza maharage ya jumla mwenye mizani ya magunia. Alituazima, na kila kifaa kilichokwenda garini kilipita kwanza kwenye mizani yake. Yeye mwenyewe akanogewa. Akawa anasimama mlangoni akitangaza kwa wapita njia kwamba leo gari limepungua nusu gunia la maharage. Zile zilikuwa siku nzuri. Nilikuwa natoka ofisini Posta mchana, natembea hadi gereji, nakuta chai ya maziwa na maandazi ya jana, na mtu wa kubishana naye. Sikuwa na tamaa ya kitu kingine. Na kile kilima cha saruji, jioni moja tulipolijaribu tena, gari lilikipanda na fundi na mtangazaji ndani yake mpaka likaruka kidogo kileleni. Fundi aliporudi chini aliligeuza, akalipandisha tena.

Jumapili yenyewe iliamka na mawingu. Masika yalikuwa yameshaingia. Kaka mtu alikuja ametoka kanisani, amevaa suti ya kijivu, mtu mnene mwenye kutembea taratibu, na nyuma yake akaja mpangaji na tepu ya kupimia mkononi. Hilo la tepu lilinikera sana. Nikamwamkia kaka mtu shikamoo kwa heshima zote, akaitikia, akalizunguka gari. Alilizunguka mara mbili.

"Mzigo unakaa wapi?" akamuuliza dada yake.

"Halina pa mzigo, kaka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akatuangalia sisi watatu, wataalamu tulioitwa, kana kwamba tulikuwa tumemroga dada yake. "Gari lisilobeba mzigo," akasema polepole, "ni la kazi gani?"

Fundi akamwonyesha kaka yake jinsi ya kurusha mguu. Akaingia kwa shida, kiti cha mikanda kikanepa kikampokea, akaonekana kushtuka kidogo, labda alikuwa ametegemea kigumu. Turubai fundi alilivua, alisema anataka kaka yake aione njia. Wakapanda kilima, gari halikusita, wakaishia barabarani. Kwa kuwa ilikuwa Jumapili, njia za Kariakoo zilikuwa zinapumua, na tukalisikia likienda mpaka likatuishia masikioni.

Tukasubiri. Mpangaji akaanza kupima ukuta. Anapima, anaandika kwenye simu, anapima. Mwenzetu wa video alimwomba kwa upole asiegemee benchi la kazi. Mvua ikaanza, nyepesi, halafu si nyepesi tena. Nikafikiria waya za injini, nikafikiria maji ya barabarani kule chini, nikafikiria suti ya kijivu. Niliogopa, nasema wazi. Sijawahi kuogopea gari lolote namna ile.

Halafu bajaji ikasimama nje, akashuka fundi. Peke yake, amelowa chapachapa.

Mtangazaji akasema, "Limezimikia wapi?"

"Halijazima," fundi akasema. "Tumefika Posta vizuri. Pale Posta akaniambia nisimame, nishuke. Nikadhani anataka kulala barabarani aangalie chini. Nikashuka. Akahamia kwenye usukani, akaondoka."

"Akaenda wapi?"

"Sijui. Simu hapokei. Sijui hata kama leseni yake bado inafanya kazi."

Mtangazaji akasema kwamba amesikia mengi, ila Mchaga kumwibia dada yake gari baada ya misa ndiyo kwanza. Tulicheka kidogo. Masharti yalikuwa kwenda Posta na kurudi. Kwenda tulikwenda. Kama kaka mtu alikuwa amekwama mahali kwenye maji, anasukumwa na vijana wa mtaani, basi yamekwisha, na mpangaji alikuwa ameshafika kwenye kona ya mwisho ya ukuta. Fundi alijifunga kitenge juu ya nguo zilizolowa, akaanza kufuta spana zake moja moja na kuziweka kwenye sanduku. Hakuna aliyemwambia aache. Mimi nilisogea nikawa napokea na kuzipanga.

Mvua ilikuwa inakatika niliposikia. Niliusikia kabla ya wote, kama nilivyokuwa nikisikia dirishani ghorofa ya tatu, mlio wa injini ya kirikuu iliyofunguliwa koo, unakuja kutoka upande wa Mnazi Mmoja. Haukuwa mlio wa gari linalosukumwa. Nikamshika fundi mkono. Gari likatokea juu ya kilima cha saruji, likashuka kwa uangalifu, likasimama katikati ya gereji. Kaka mtu alikuwa kwenye usukani, suti imekuwa nyeusi kwa maji. Pembeni yake alikaa mkewe, mwanamke wa makamo, kitambaa cha kichwani kiko mkononi, nywele zimemlalia usoni, anacheka kama mtu aliyesahau kwamba kuna watu.

"Nilimpitia nyumbani Upanga," kaka mtu akasema, bila kumwangalia yeyote. "Tukaenda mpaka daraja la baharini. Tukarudi. Halafu tukaenda tena."

Mpangaji akaja na simu yake. "Mzee, nimeshapima," akasema. "Zinatoka fremu nne nzuri kabisa."

Kaka mtu akatoa leso iliyolowa, akajifuta uso, haikusaidia. "Ndugu yangu, nisamehe," akasema. "Kesho nitazunguka na wewe Kariakoo nzima mpaka upate sehemu. Hapa pana mtu."

Nilisikia vizuri, na bado nikamwangalia fundi nione kama naye kasikia. Alikuwa amesimama na spana mkononi, mdomo umefunguka, machozi yanamtoka bila kuyafuta. Na mimi nililia, kwa furaha, na mtangazaji aligeukia ukutani, na mwenzetu wa video akamshika bega. Mpangaji akaikunja tepu yake, akatuaga, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya.

Fundi akasogea garini. "Wifi," akasema, "umelowa. Nikuletee kanga?"

"Acha," wifi yake akasema. Alikuwa bado amekaa, ameegemea mikanda, na hakuonyesha haraka yoyote. "Wifi yangu, toka nimeolewa, kila nikipanda gari na kaka yako, nyuma kuna ndoo. Kanisani tunakwenda na ndoo. Msibani na ndoo. Siku natoka hospitali na mtoto wa kwanza, nilimpakata mtoto huku na mabeseni huku. Leo ndiyo mara ya kwanza amenichukua mimi peke yangu."

Kaka mtu alishuka, akazunguka upande wa pili, akampa mkewe mkono arushe mguu ashuke.